Mwajiriwa, kibarua au mtu wa kujitegemea: umchukue kwa mkataba gani?

Biashara ndogo inapomwingiza mtu wa kwanza wa kusaidia, mazungumzo huishia kwenye malipo na siku ya kuanza. Amekuja kama nani? Hilo huulizwa siku ya kuachana, na kufikia siku hiyo jibu lina bei.

Njia ziko tano: ajira ya kudumu, ajira ya muda maalumu, kibarua wa kutwa, mtu wa kujitegemea anayekuletea ankara, na mtu unayeletewa na wakala. Kila moja ina kazi inayoifaa. Tatizo ni kwamba wenye biashara wengi huchagua ile inayoonekana rahisi kuivunja, kisha wanaendesha kazi kana kwamba wamechagua nyingine. Nitakaa zaidi kwenye mwajiriwa na mtu wa kujitegemea, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteleza. Nyingine nitazipitia kwa kadiri zinavyostahili.

Mwajiriwa na mtu wa kujitegemea

Chukua washonaji wawili. Wa kwanza anaingia saa mbili asubuhi, anakalia cherehani yako, anakata kitambaa ulichonunua wewe, na ukisema leo ni sare za shule, anashona sare. Mwisho wa mwezi anapokea kiasi kilekile hata kama wateja walikuwa wachache. Wa pili ana chumba chake na cherehani yake, anashonea maduka matatu. Wewe unampelekea vipimo, mnapatana bei kwa kila vazi, na akiharibu anarudia kwa gharama yake. Akitaka kumpa mdogo wake nusu ya kazi hakuombi ruhusa, mradi nguo zifike siku mliyokubaliana.

Wote wawili unaweza kuwasainisha karatasi moja yenye kichwa "Mkataba wa Huduma". Kwa wa pili karatasi hiyo inasema kweli. Kwa wa kwanza ni jina tu, na majina hayajawahi kuwashughulisha sana mahakimu wa kazi.

Mwaka 2006 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa Pendekezo Na. 198 kuhusu uhusiano wa ajira. Kiini chake ni kwamba ukitaka kujua kama kuna ajira au hakuna, tazama kwanza kazi inavyofanyika na mtu anavyolipwa, hata kama nyinyi wawili mliuita uhusiano wenu jina jingine. Pendekezo halifungi nchi yoyote kama sheria, lakini dalili zake utazikuta kwenye sheria na hukumu za nchi nyingi. Nani anatoa maelekezo? Nani amepanga saa na mahali? Vifaa ni vya nani? Malipo yanakuja kwa vipindi au kwa kazi iliyokamilika? Mtu huyu anaishi kwa kipato chako peke yake? Hasara ikitokea, inaangukia mfuko wa nani?

Baadhi ya nchi zimekaza zaidi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikionekana hata dalili moja kati ya zilizoorodheshwa. Afrika Kusini ina utaratibu wa namna hiyo kwa wenye kipato kisichozidi kiwango kinachotangazwa na serikali. Yaani mwenye biashara ndiye anayesimama kuthibitisha kwamba huyu si mwajiriwa wake. Mfanyakazi akishaonyesha dalili hiyo moja, anaweza kukaa kimya.

Jimbo la California nchini Marekani lina kipimo cha masharti matatu, kilichotoka kwenye hukumu ya 2018 na kuwa sheria kuanzia Januari 1, 2020, ingawa fani kadhaa zimeondolewa humo. Ukitaka kumwita mtu wa kujitegemea, lazima utimize yote matatu: awe huru na usimamizi wako, kazi yake iwe nje ya shughuli ya kawaida ya biashara yako, na awe kweli ana shughuli yake mwenyewe ya aina hiyo. Sharti la pili ndilo linaloumiza. Karakana ya magari ikimwita fundi umeme wa majengo aje kurekebisha taa, limetimia. Ikimwita fundi magari wa pili, limevunjika kabla hajashika spana. Hata kama nchi yako haina kipimo hicho, mimi hukitumia kama chujio la haraka: kazi hii ndiyo inayoniletea wateja, au ni ya pembeni?

Na Uingereza, Februari 19, 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi walikuwa wafanyakazi wenye haki ya mshahara wa kima cha chini na likizo yenye malipo, ingawa mikataba ilisema wanajitegemea. Majaji walisema wazi kwamba mahali pa kuanzia ni sheria iliyotungwa kumlinda mfanyakazi. Mkataba aliouandika mwenye nguvu hauwezi kutangulia. Ikumbukwe kwamba Uingereza ina ngazi ya katikati, ambapo mtu anapata kima cha chini na likizo lakini hana kinga ya kufukuzwa isivyo haki. Nchi nyingine hazina ngazi hiyo: ama ni mwajiriwa ama siye. Ndiyo maana nakala ya mkataba uliyoipakua mtandaoni kutoka nchi nyingine inaweza kuwa na maneno mazuri na isiwe na maana yoyote kwako.

Ushahidi wenyewe, siku hizi, uko kwenye simu. Mkataba unasema "Mtoa huduma atapanga muda wake mwenyewe", halafu kwenye mazungumzo kuna ujumbe wa saa tatu usiku: "Kesho uwahi, saa mbili kamili, na uvae fulana yenye nembo." Kuna jibu pia: "Sawa bosi. Naomba ruhusa Ijumaa, nampeleka mtoto kliniki." Mtu wa kujitegemea haombi ruhusa, anakwambia Ijumaa hatakuwepo. Neno hilo moja, ruhusa, likirudiwa mara kumi na tano kwa mwaka, linazidi kurasa nne za mkataba.

Gharama

Hoja ya kumchukua mtu kama wa kujitegemea huwa ni kuokoa: hakuna mchango wa hifadhi ya jamii, hakuna likizo, hakuna notisi. Tuipime.

Mwajiriwa wa siku tano kwa wiki ana takriban siku 260 za kulipwa kwa mwaka. Mpe siku 20 za likizo na siku 10 za sikukuu, zinabaki 230 za kazi. Kwa hiyo kila siku anayofanya kazi inakugharimu asilimia 13 zaidi ya inavyoonekana kwenye mshahara wa siku, bado hujaweka michango ya hifadhi ya jamii, bima ya ajali kazini na siku za kuugua. Ni gharama ya kweli na sitaificha.

Mtu wa kujitegemea anayejua kazi yake naye anajua hesabu hiyo. Anajilipia likizo yake, vifaa vyake na miezi mikavu, kwa hiyo bei yake kwa siku huwa juu. Ukimpata "wa kujitegemea" anayekutoza sawa na mshahara wa mwajiriwa au pungufu, na anakuja kila siku, jiulize umempata nani hasa.

Sasa upande wa pili wa mizani. Tuseme ulimweka hivyo miaka mitatu na ikaja kuamuliwa kwamba alikuwa mwajiriwa. Likizo peke yake, siku 20 mara miaka mitatu, ni siku 60 za malipo, karibu mishahara mitatu ya mwezi. Nchi nyingine huweka ukomo wa kurudi nyuma, nyingine huongeza adhabu juu yake. Hapo haijaingia michango ambayo haikupelekwa, saa za ziada ambazo hakuna aliyeziandika, wala notisi. Na inadaiwa kwa mkupuo, kutoka kwenye biashara ambayo fedha yake yote iko kwenye bidhaa rafuni. Biashara kubwa italalamika na kulipa. Ndogo inaweza kufungwa na deni la mtu mmoja.

Kuna sehemu moja ambayo mwajiriwa ana faida isiyosemwa sana: hakimiliki. Katika nchi nyingi, Uingereza ikiwemo kwa sheria yake ya 1988, kazi anayoibuni mwajiriwa akiwa kazini ni mali ya mwajiri, mkiacha bila kuandika lingine. Ya mtu wa kujitegemea ni yake mpaka akuhamishie kwa maandishi. Umelipia nembo, tovuti au programu ya hesabu, ukadhani imeshakuwa yako, kumbe ulichonunua ni ruhusa ya kuitumia. Ukimchukua mbunifu wa nje, kifungu cha kuhamisha hakimiliki ndicho cha kwanza kukitafuta kwenye mkataba.

Kudumu au muda maalumu

Neno "kudumu" linawatisha watu bila sababu. Wanalisikia kama ndoa isiyo na talaka. Maana yake ni kwamba mkataba hauna tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Njia ya kutokea ipo. Mkataba wa ILO Na. 158 wa 1982 unataka mambo mawili makubwa: sababu halali, iwe uwezo, mwenendo au mahitaji ya biashara, na nafasi ya mtu kujitetea kabla ya kuachishwa kwa tuhuma za mwenendo au utendaji. Nchi ambazo hazikuuridhia nyingi zina kanuni zinazofanana. Marekani ni ya peke yake kidogo, kwa kuwa huko kwa kawaida upande wowote unaweza kuvunja ajira bila kutoa sababu, mradi isiwe sababu iliyokatazwa, kama ubaguzi.

Muda maalumu una mvuto wake: tarehe ikifika, mnaachana bila maneno. Unafaa kweli pale mwisho unapoonekana: mtu yuko likizo ya uzazi na atarudi, kuna zabuni ya miezi minane, kuna msimu. Ukiutumia kwa kazi isiyo na mwisho, ukihuisha kila mwaka "ili asizoee", unakutana na vizuizi vitatu.

Cha kwanza ni ukomo wa sheria. Ujerumani, mkataba wa muda usio na sababu maalumu unaruhusiwa kwa miaka miwili, na ndani yake unaweza kuurefusha mara tatu tu; biashara mpya imepewa hadi miaka minne. Usipouandika, unahesabiwa kuwa wa kudumu. Uingereza, mikataba ikifuatana kwa miaka minne, mfanyakazi anakuwa wa kudumu isipokuwa mwajiri ana sababu ya msingi. Afrika Kusini, kwa wenye kipato cha chini ya kiwango kilichowekwa, mstari uko kwenye miezi mitatu, ukizidi unahitaji sababu; lakini mwajiri mwenye wafanyakazi wasiofika 10 hafungwi na mstari huo.

Cha pili ni matarajio. Umehuisha mara nne bila hata kumwita mezani, mara ya tano unakaa kimya. Sheria za Tanzania na Afrika Kusini zinakubali kwamba kutohuisha mahali ambapo mtu alikuwa na sababu ya kutarajia kunaweza kuhesabiwa kuwa kumwachisha kazi. Kauli kama "usijali, mwakani tuko pamoja" inatosha kuanzisha mgogoro.

Cha tatu ndicho kinachowashangaza wengi. Mkataba wa muda unakufunga wewe pia. Wa kudumu unauvunja kwa sababu na notisi ya, tuseme, mwezi. Wa miaka miwili usio na kifungu cha kuuvunja mapema, ukimwondoa mtu mwezi wa kumi bila kosa lake, katika nchi nyingi anaweza kudai mshahara wa miezi 14 iliyobaki. Aliyeogopa ndoa ameingia kwenye deni.

Kama hofu yako ni kumpata mtu asiyeweza kazi, dawa yake ni muda wa majaribio ndani ya mkataba wa kudumu. Uandike ni miezi mingapi kwa kadiri sheria yako inavyoruhusu, mkae naye katikati ya muda huo umwambie kinachopungua, na maneno hayo yabaki kwenye karatasi. Majaribio yasiyo na mazungumzo ni kusubiri tu.

Kibarua wa kutwa

Huyu ni wa kushusha mzigo uliofika leo, kusafisha uwanja baada ya shughuli, kuvuna siku tatu. Anakuja, anafanya, analipwa jioni. Kwa kazi za namna hiyo hakuna njia nyingine yenye maana.

Shida huanza pale kibarua anapokuwa na kikombe chake cha chai kwenye rafu yako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, ni mfano mzuri wa jinsi sheria zinavyolitazama hilo: kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake ni sawa na mwezi, au akipewa kazi ambayo kwa jumla haiwezi kutarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa na mkataba wa mshahara wa mwezi, pamoja na notisi. Kumlipa kila jioni hakuzuii hilo. Kumpumzisha siku mbili kila baada ya wiki tatu ili kuvunja hesabu ni ujanja ambao maafisa wa kazi wanaufahamu tangu kabla hujafungua biashara.

Kibarua akiumia naye ni mtu aliyeumia mahali pako. Wapo wanaodhani bila mkataba hakuna dhima; kinyume chake, bila karatasi ni neno lako dhidi ya neno lake kuhusu saa, kazi na malipo. Daftari la majina, tarehe na saini ya kupokea ujira linagharimu kalamu moja.

Mtu wa wakala

Hapa sitakaa. Wakala anamwajiri, anakuletea, unamlipa wakala. Ni ghali kwa siku, na unalipia haraka: unahitaji mtu Jumatatu na leo ni Ijumaa. Kwa pengo la wiki sita ni sawa. Kwa mwaka mzima unalipa faida ya mtu wa kati bila kununua usalama wowote, kwa sababu baadhi ya nchi zinakuhesabu wewe uliyepokea kazi kuwa mwajiri. Afrika Kusini, kwa wenye kipato cha chini ya kiwango, hilo hutokea baada ya miezi mitatu, na Mahakama ya Katiba ilisisitiza mwaka 2018 kwamba kwa haki zinazohusu mahusiano kazini, kuanzia hapo mwajiri ni mmoja, naye ni mteja wa wakala. Chunguza pia kama wakala anawatoza watafuta kazi ada. Mkataba wa ILO Na. 181 wa 1997 unalikataza hilo kwa jumla, na wakala anayewakamua watu kabla hawajaanza atakuletea watu waliokwisha kuchoka.

"Lakini mimi ni mdogo"

Kuna ukweli kidogo. Ujerumani, kinga ya jumla dhidi ya kuachishwa kazi inaanza kwenye biashara yenye wafanyakazi zaidi ya 10. Marekani, sheria kuu ya shirikisho dhidi ya ubaguzi kazini, ya 1964, inawagusa waajiri wenye wafanyakazi 15 na kuendelea. Lakini nafuu hizo ni za kipande kimoja kimoja. Mshahara kulipwa kwa wakati, usalama wa mahali pa kazi na katazo la kuajiri watoto kwa kawaida havina udogo. Kabla ya kujihesabu umesamehewa, tafuta kifungu kinachotaja idadi, na uone kama vibarua nao wanahesabiwa.

Kuamua

Mimi ningeanza na swali la nani anaamua kazi ifanyikeje. Kama ni wewe, huyo ni mwajiriwa, na kilichobaki ni urefu. Unaweza kutaja leo tarehe au tukio litakaloimaliza kazi? Basi muda maalumu, na uandike tukio lenyewe ("hadi fulani atakaporejea kutoka likizo ya uzazi"), pamoja na kifungu cha kuuvunja mapema. Huwezi kutaja? Kudumu, pamoja na majaribio. Kama anaamua yeye, ana vifaa na wateja wengine, na anaweza kukosa faida kwa makosa yake, mchukue kwa ankara na umwachie uhuru wake kweli: usimpe fulana, usimpe zamu, usimwekee saa. Kibarua abaki wa kazi inayokwisha kabla wiki haijaisha.

Wasiwasi ukibaki, mlipe mwanasheria wa kazi saa moja ya ushauri kabla ya kusaini; saa hiyo ni nafuu kuliko zile za baada ya barua ya madai. Nenda na maelezo ya siku moja ya kazi ya mtu huyo, kuanzia anapofika hadi anapoondoka. Hayo yatamsaidia kuliko mkataba ulionao.

Na kama umesoma ukagundua kwamba "mtoa huduma" wako wa miaka miwili ni mwajiriwa, usimpe mkataba mpya wenye tarehe ya leo. Atakusainia, kwa sababu anahitaji kazi, lakini miaka miwili haifutiki kwa saini hiyo, na karatasi itaonekana kama jaribio la kuificha. Andika tarehe aliyoanza kweli, pigeni hesabu ya likizo anazodai, mkubaliane zitalipwa au zitachukuliwa lini, na kila mmoja abaki na nakala yenye saini mbili.